Mbegu Tulizokula Siku ya Usafi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Baba Paroko na Shehe wetu, mliotufungulia shughuli hii kwa sala na dua. Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Kituo. Dokta Eveline, Mkurugenzi mpya, unayepokea kiti changu leo. Watafiti, mafundi sanifu na vibarua wa mashambani. Ndugu wakulima mliotoka Mngeta, Chita na Katindiuka. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Nimeifuata orodha ya itifaki kama nilivyopewa. Katika orodha hiyo Mama Balbina wa Katindiuka hayumo kwa jina; amehesabiwa miongoni mwa wakulima, na katika ratiba yenu anaonekana kwenye kipengele cha tisa, baada ya ngoma na kabla ya kukata utepe. Namtaja sasa, peke yake, kwa sababu maneno nitakayoyasema ni yeye aliyeniagiza niyaseme. Shikamoo, Mama.

Leo nastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufanya kazi katika kituo hiki cha mbegu, na leo hiihii Mheshimiwa atafungua chumba baridi kipya cha kuhifadhia mbegu za asili za bonde letu la Kilombero. Mambo yote mawili yalistahili hotuba ya furaha. Nilikuwa nimeiandika. Naomba radhi kwamba sitaisoma.

Badala yake naanza kwa kufafanua neno moja, kwa uangalifu, kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi yamekuwa ya kuyapanga mambo katika mafungu. Neno hilo ni takataka. Takataka ni kitu ambacho mtu mwenye uwezo wa kukiondoa ameamua kwamba hakihitajiki. Tazameni ufafanuzi huo una nini ndani yake: una kitu, una uamuzi, na una mtu. Sisi tukisikia neno hilo tunakitazama kitu. Tunaona uchafu wake, tunasikia harufu yake, tunaita gari la halmashauri lije lichukue. Uamuzi hatuuoni, na yule aliyeamua ndiye tunayemwona mwisho kabisa, pengine kwa sababu mara nyingi ni sisi wenyewe.

Marehemu mama yangu, aliyeshuka kutoka Mahenge akiwa na mimi mgongoni na ungo kichwani, alikuwa mwalimu wangu wa kwanza wa somo hili. Alipopepeta mpunga aliotoka kuutwanga, makapi yalikwenda kuchomea matofali, pumba zikawa za kuku, chenga zikapikiwa uji wa watoto, na mchele mzima ukabaki kwa ajili ya wageni na Jumapili. Siku moja nilimuuliza, “Mama, kwani hakuna cha kutupa?” Akajibu bila kuusimamisha ungo, “Kipo. Mawe. Na hayo nayo usiyatupe njiani wanakopita watu.”

Ndugu wageni waalikwa, mtoto wa mwanamke huyo alisoma, akavuka bahari, akarudi na shahada tatu. Sasa sikilizeni alichofanya.

Miaka kumi na minne iliyopita tuliwaomba akina mama wa bonde hili watuletee mbegu za mpunga wa zamani, ule unaopotea kwa sababu soko linautaka Supa, ule mpunga wa kunukia, na wataalamu, mimi nikiwamo, tuliwahimiza walime aina mpya. Waliitikia. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine kwa treni kutoka upande wa Chita, kila mmoja na chupa ya plastiki ya soda aliyoiokota, akaiosha, akaikausha juani, akaijaza mbegu iliyochanganywa na majivu, akakiziba kifuniko kwa nta ya mshumaa. Jina la mbegu lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari la shule. Zilifika chupa arobaini na tatu.

Chupa ya thelathini na moja aliileta Mama Balbina. Nakumbuka alivyoiweka mezani, kama mtu anayemketisha mtoto.

“Dokta, nimekuletea mgeni. Anaitwa Ngojamaji.”

Nikamuuliza, “Anafanya nini huyo?”

“Anangoja. Mafuriko yakija analala humo chini siku nane, siku tisa. Maji yakishuka anaamka, anajikung'uta, anaendelea na safari yake.” Kisha akanieleza kasoro zake bila kuficha, kwa unyofu ambao watafiti wengi hawana wanapozieleza mbegu zao wenyewe: mavuno yake ni haba, hautoi harufu, wali wake ni mgumu. “Vijana wangu hawautaki. Wakiukuta kwenye sahani wanauliza kama nimewapikia kokoto. Ndiyo maana nakuletea wewe. Kwangu panya na maji wanashindana nani aanze.”

“Na ukiutaka tena, Mama?”

“Nitakuja. Au utakuwa umehama?”

Nikamwambia sihami. Nikaandika kwenye daftari, kwa mkono huu: namba thelathini na moja, Ngojamaji, Balbina wa Katindiuka, imehifadhiwa kwa niaba yake. Kwa niaba yake. Maneno hayo yapo hadi leo, na wino wake haujafifia.

Miaka miwili baadaye ofisi zetu ziliingia katika mpango wa usafi na mpangilio wa mahali pa kazi. Wengi wenu mnaujua. Ulifika hospitalini, shuleni na kwenye maghala. Ni mpango mzuri, na siulaumu. Unasema: chambua, panga, safisha. Katika kuchambua kuna kanuni ya utepe mwekundu: kitu chochote ambacho hakijatumika kwa mwaka mzima kifungwe utepe mwekundu, kisha kiondolewe, ama kwa kuuzwa, ama kwa kuchomwa, ama kwa kutafutiwa matumizi. Wakaguzi walikuwa waje baada ya siku kumi. Nilichukua roli ya utepe na mkasi, nikapita chumba kwa chumba mimi mwenyewe, kwa sababu sikuamini kwamba mtu mwingine angeifuata kanuni kwa ukamilifu.

Na niliifuata kwa ukamilifu. Huo ndio msiba wenyewe. Laiti ningekuwa mvivu!

Ofisini kwangu palikuwa na mikoba kumi na saba ya makongamano, yenye nembo na kaulimbiu. Ilinusurika, kwa kuwa kila wiki niliutumia mmojawapo. Palikuwa na mabango ya plastiki ya wiki za maadhimisho. Yalinusurika, kwani tulibandika tarehe mpya juu ya tarehe ya zamani na kuyatundika tena. Vyeti vya kushiriki, kofia, kalenda zenye picha za viongozi wetu wakikabidhiana kalenda, taarifa za robo mwaka zilizonakiliwa kutoka taarifa za robo iliyotangulia: vyote vilinusurika, maana vyote vilikuwa vinatumika. Nikafika stoo. Nikazikuta chupa arobaini na tatu za soda, zina vumbi, zina majivu, nyingine nembo yake imeng'oka nusu. Nikafungua daftari. Hakuna aliyezigusa kwa miaka miwili.

Mtunza stoo wetu, Dativa, ambaye yupo hapa na anatazama chini, alisimama mlangoni akaniambia, “Dokta, hizi zina wenyewe.”

Nikamwambia, “Wenyewe hawajaja mwaka wa pili huu.”

Akasema, “Mbegu si ndiyo kazi yake, Dokta? Kukaa?”

Mheshimiwa mgeni rasmi, hiyo ilikuwa hoja bora zaidi ya kitaalamu niliyowahi kuisikia ndani ya kituo hiki, na ilitolewa na mtu mwenye cheti cha darasa la saba kwa mtu mwenye shahada tatu. Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Nikafunga utepe, chupa baada ya chupa, na kila fundo nililikaza sawasawa.

Kuzichoma niliona ni uharibifu, maana mimi ni mtoto wa yule mwanamke wa ungo, na sitaki kupoteza chakula. Nikaamua zitafutiwe matumizi. Tulizimwaga zote katika turubai moja, tukazipeleka kwenye mashine ya kukoboa, na siku ya ukaguzi tukawapikia wageni wali. Mpishi alinifuata nyuma ya jiko amekunja uso. “Dokta, huu mchele umeutoa wapi? Mwingine umeshaiva, mwingine umekuwa uji, na mwingine bado unabishana na maji!” Nikamwambia aongeze moto. Wakaguzi walikula, wakasifu, wakatupa cheti cha kwanza cha usafi katika kanda. Kile pale kwenye ukuta wa baraza, nyuma ya kiti chako, Mheshimiwa. Nimekipita kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili.

Mimi nami nilikula. Katika sahani yangu kulikuwa na punje ngumu ngumu zisizotafunika. Nilizitenga kwa uma, nikaziweka pembeni.

Ningependa kusema kwamba aibu yangu inaishia hapo, kwa kuwa kosa la kutojua linasameheka. Masika ya mwaka juzi mliyaona wenyewe. Maji yalikaa mashambani, yakakaa majumbani, na yalipoondoka yalituachia vitu viwili kwa wingi: tope na plastiki. Chupa, vifuko vya karanga, kandambili, mifuko tuliyoambiwa ilikwisha kupigwa marufuku, vyote vilikuwa vimekaba mifereji yetu na sasa vimelala juu ya majaruba. Plastiki ilikuwapo kila mahali, mpunga hakuna. Wiki mbili baadaye Mama Balbina aliingia ofisini kwangu, ametembea kutoka Katindiuka na matope mpaka magotini.

“Nimekuja kumchukua mgeni wangu,” akasema. “Wakati wake umefika.”

Nilikuwa na daftari mbele yangu. Nilikuwa na ukweli wote. Nikamwambia hivi, na nayarudia maneno yangu kama nilivyoyatamka: “Mama, kwa bahati mbaya tulizifanyia jaribio tukabaini zimepoteza nguvu ya kuota.” Hakukuwa na jaribio. Nilitumia lugha ya taaluma yangu kama mtu anavyotumia zulia, kufunikia alichomwaga.

Alinitazama. “Zote?”

“Zote, Mama.”

“Hata moja? Zimekufa siku moja, kama watu wa ajali?”

Nikafunga daftari. Akainuka, akaniaga kwa heshima, akaniambia pole. Aliniambia mimi pole.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejaribu kuelewa nilifanya nini, na nimefikia jambo moja ambalo nawaachia mlipime. Kanuni yangu ilidhani kwamba takataka ni kile kisichotumika. Leo naona kinyume chake kinatuzunguka. Takataka za zama zetu zinatumika mchana kutwa. Fungueni simu zenu: kuna picha ya maua yanayometameta inayokutakia asubuhi njema, kuna dawa ya kisukari ya majani ambayo daktari wake hana jina, kuna onyo la kutuma ujumbe kwa watu kumi la sivyo baraka itakupita. Mimi na wenzangu wasomi tumeutuma huo ujumbe, nimeutuma. Nyimbo tunazozijua kwa moyo hatukuzichagua, zimepigwa tu na pikipiki ya matangazo mpaka zikatuingia. Watoto wetu wanajua majina ya waliogombana jana mtandaoni, lakini ukiwauliza jina la mpunga ulio kwenye sahani yao watakwambia ni wali. Je, ningepita na utepe wangu leo, ni kipi kati ya hivyo ambacho hakijatumika kwa mwaka mzima? Hakuna. Vyote vingenusurika. Na chupa ya Mama Balbina ingefungwa utepe mara ya pili.

Msidhani hotuba zimesalimika. Nilipokuwa natayarisha maneno ya leo nilizisoma hotuba zangu za miaka yote, na karibu zote zina aya moja isiyobadilika kuhusu kilimo na uti wa mgongo wa taifa. Kuna mwaka niliisoma pale Mngeta nikawashukuru wananchi wa Chita kwa mapokezi yao mazuri. Walinipigia makofi. Mzee mmoja tu ndiye aliyemgeukia mwenzake akauliza, “Kwani tumehamishwa?”

Na kuna hili, ambalo linaniaibisha kuliko yote: katika hadithi hii yote, kitu pekee kilichokuwa takataka kwa maana ya kawaida ni chupa ya soda. Iliokotwa mtaroni. Mwanamke mmoja aliiona, akaamua inahitajika, akatia ndani yake uhai wa shamba lake. Mtaalamu mmoja akaiona chupa ileile, na hakuona kilichomo.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, nilikwenda Katindiuka. Nilimkuta Mama Balbina uani anaanika mpunga, nikamsalimia, akaniitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza kila kitu, kuanzia utepe mpaka wali. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza:

“Kwa hiyo chupa yangu mliila.”

“Tuliila, Mama.”

“Ilikuwa tamu?”

“Ilikuwa ngumu. Niliitenga pembeni ya sahani.”

Akacheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. “Si nilikwambia wali wake ni mgumu? Wewe ulidhani nakudanganya?” Kisha akakusanya punje zilizotawanyika ukingoni mwa mkeka, moja moja, akasema bila kuniangalia, “Mjukuu wangu umemwona alivyokonda? Mwaka ule tulikula uji wa kuomba kwa watu mpaka mwezi wa nane. Wewe ulikuwa unajua mbegu ilikokwenda.”

Nikainama, nikaokota punje pamoja naye.

Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa. Baada ya mafuriko alikwenda kwa dada yake, upande wa Chita, akakuta masuke matatu ya Ngojamaji yamening'inia juu ya meko, meusi kwa moshi, yamesahaulika tangu dada huyo alipokuwa na nguvu za kulima. Aliyapukuchua. Punje nyingi zilikuwa zimekufa. Kumi na moja ziliota. Alizipanda kwenye beseni lililotoboka, akazilinda dhidi ya kuku kwa chandarua, akavuna, akapanda tena. Ndizo zilizomo kwenye kopo lile. Kwa kadiri tunavyojua, hakuna nyingine bondeni.

Nikamwomba msamaha. Akasema, “Msamaha tutauzungumza. Kwanza nikuulize: uliponidanganya tulikuwa wangapi?”

“Wawili, Mama.”

“Na leo unaniambia ukweli tuko wangapi?”

“Wawili.”

“Basi bado. Wenzako wa kituo wanataka niwakabidhi hili kopo siku ya sherehe, mbele ya Mkuu wa Wilaya. Kayasemee hayo hukohuko, kwenye kipaza sauti. Mimi nitakuja nalo ndani ya mkoba wangu. Nitaufungua, au nitarudi nao. Nitajua nikishasikia.”

Mama, umesikia. Sijapunguza neno, na kama lipo nililolipunguza, nakuomba usimame unisahihishe mbele ya hadhara hii.

Dokta Eveline, nilipokuarifu juzi uliniuliza, “Dokta, lazima iwe siku hiyo, Mheshimiwa akiwepo?” Lilikuwa swali la haki, na jibu umeshalisikia. Nakushukuru kwamba hukunizuia. Dativa, nakushukuru kwa sentensi mbili ulizozisema mlangoni, na zaidi kwa kutonikumbusha kwa miaka kumi na miwili, ingawa ningestahili kukumbushwa kila siku. Majina ya wenye chupa nyingine arobaini na mbili nimeyabandika kwenye mlango wa chumba kipya. Wengine wametangulia mbele za haki. Watoto wao nitawatembelea mmoja mmoja, na huo ndio mpango wangu wa kustaafu. Cheti cha ukutani naomba kishushwe kabla hatujaketi kula.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ratiba inasema kwamba sasa Mama Balbina atakabidhi mbegu, kisha wewe utakata utepe. Utepe ule wa mlangoni ni mwekundu. Nilimuuliza Dativa umetoka wapi, akaniambia umenunuliwa juzi mjini, nikashukuru. Nakuomba, kwa heshima zote, usiukate mpaka Mama aamue.

Mtaalamu angetarajiwa amshawishi. Ningeweza kumwambia kwamba chumba hiki kina baridi isiyopanda wala kushuka, kwamba kina jenereta, kwamba kanuni mpya inakataza chupa yoyote kuondoka bila alama ya dole gumba la mwenyewe. Yote ni kweli. Lakini daftari la zamani nalo lilikuwa na maneno ya kweli, yaliyoandikwa na mkono uliomaanisha. Kitu hakilindwi na baridi, wala na daftari. Kinalindwa na mtu, siku ambayo kanuni inamwambia akitupe na hakuna mwingine anayekihitaji. Meko ya dada yake Mama Balbina yalilinda kwa kusahau. Mimi niliyekumbuka kila kitu niliharibu kwa kukumbuka kanuni. Kwa hiyo simshauri. Nilishapoteza haki ya kumshauri.

Nawashukuru nyote kwa kuyavumilia haya siku ambayo mlijiandaa kucheka na kupiga vigelegele, na kwa kunipa masikio yenu hadi mwisho. Nakushukuru hasa wewe, Mama, uliyekubali kukaa kwenye kiti cha plastiki juani ukiwa na mkoba magotini, ukimsikiliza mtu aliyekula mbegu yako. Nashuka jukwaani sasa. Swali ninaloshuka nalo sikulipatia jibu kwa miaka thelathini na minne, na siwezi kujifanya nimelipata leo asubuhi. Ikifika siku ambayo mafuriko yamesahaulika, wali mgumu hautakiwi na mtu, na mtu mwingine mwenye kisomo chake na nia yake njema anasimama mbele ya kopo lako akiwa na mkasi mkononi, ni nani kati yetu sisi tulioketi hapa atakayekuwa amesimama mlangoni, na je, safari hiyo atasikilizwa?